Sauti Tatu Ndani ya Kichupa

Sogeeni karibu. Anayetafuna karanga na atafune polepole, maana hadithi hii ina sauti ndogo ndani yake, na ikikupita hairudiwi.

Palikuwa na watu watatu waliolelewa nyumba moja pale Same, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Nakunda, wa kwanza, alijua kuandika maandishi yasiyoonekana kwa macho. Mbonea, wa pili, alijua kutunza kitu kisiharibike. Sifaeli, kitinda mimba, alijua kusoma kitu kilichokwisha kuharibika. Ungewaona mezani wakigombea paja la kuku usingewadhania makuu hayo, lakini ndivyo walivyokuwa.

Baba yao, Mzee Zefania Mrutu, naye alikuwa na kipaji, ingawa ni serikali peke yake iliyowahi kukiona. Alijua kujaza fomu. Miaka thelathini na moja alikuwa msajili wa vizazi na vifo, na katika miaka yote hiyo hakukata neno wala hakufuta. Mkewe, Nakijwa, alikuwa mkunga wa zahanati.

"Mimi nawapokea, huyu anawaandika," Nakijwa alizoea kuwaambia wageni. "Wiki isiyokuwa na mtoto anazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nahofia siku moja atajisajili mwenyewe."

 Mzee Zefania alikuwa mtu wa kusikiliza, au ndivyo alivyodhani.

Kisha Nakijwa akapata uvimbe kooni. Madaktari wakasema njia iliyobaki ni kuondoa koromeo lote, na sauti iende nalo. Nakijwa hakutaka. Ni Nakunda aliyembembeleza wiki mbili, akalia, akaapa, mpaka mama akakubali na Nakunda akatia saini yake kwenye karatasi ya ridhaa, mahali pa ndugu.

"Haya," Nakijwa akasema. "Ila kabla hamjaninyang'anya, niacheni niseme."

Akasema mara tatu. Ujumbe mmoja wa Nakunda, mmoja wa Mbonea, mmoja wa Sifaeli. Kila ujumbe aliurekodi akiwa amejifungia peke yake, na sharti likawa moja tu: kila mtoto asikilize wake peke yake, baada ya yeye kufa, si kabla.

"Na wangu?" Mzee Zefania akauliza.

"Wewe, Baba Nakunda, nimekuambia yote miaka arobaini. Kama hukusikia, kamlaumu aliyekupa masikio."

Wakacheka wote. Mzee Zefania naye akacheka. Tangu siku hiyo amekuwa akijaribu kukumbuka hayo yote yalikuwa yapi.

Sasa sikilizeni kazi ya Nakunda.

Nakunda alifanya kazi Arusha, kwenye taasisi moja ya utafiti, wakijaribu jambo ambalo baba yake alilisikia mara tano kabla ya kuliamini. "Kila chenye uhai kina maandishi ndani yake," alimweleza mama yake, "ya herufi nne tu. Zikipangwa hivi, unapata mbuzi. Zikipangwa vile, unapata harage. Sisi tunazitengeneza wenyewe, hatuzitoi kwa mtu, kisha tunazipanga zisiwe mbuzi wala harage. Zinakuwa maneno. Simu hupotea, kompyuta hufa, lakini maandishi haya yakikaa makavu yanaweza kudumu maelfu ya miaka."

"Kwa hiyo mimi nitakuwa nini?"

"Utakuwa vumbi jeupe chini ya kichupa, mama. Hata ukikodoa macho hulioni."

"Nimewahi kuitwa mabaya zaidi ya hayo."

Nakunda aligeuza sauti ya mama yake kuwa tarakimu, tarakimu akazigeuza kuwa herufi, herufi akaziunganisha kuwa nyuzi za vinasaba, na mwisho wa kila uzi akaweka anwani, kama bahasha: huu wa Nakunda, huu wa Mbonea, huu wa Sifaeli. Kazi ikamchukua miezi minne. Muda huo wote alizima spika, asisikie hata neno, maana sharti lilikuwa sharti. Na muda huo wote mama yake alikuwa amelala Same na bomba shingoni, akiandika anachotaka kwenye daftari la shule, na Nakunda alifika Jumapili tu. Jumapili ya mwisho, alipoona kwamba upasuaji ule haukuzuia kitu, alimshika mama yake mkono akamuuliza, "Mama, unanilaumu?" Nakijwa akachukua kalamu, akaandika: Jibu limo kwenye kichupa. Siku ya tatu akafa.

Basi bila Nakunda pasingekuwa na sauti ya kugombewa.

Hapa mtaniuliza, kwani ile rekodi ya kwanza ilikwenda wapi? Swali zuri. Taasisi ile ilikuwa na Waraka wa Ndani Namba 14, uliosema kwamba kitu kikishahifadhiwa kwenye vinasaba, nakala yake ya kompyuta ifutwe, ili taasisi isionekane haiamini kazi yake yenyewe. Ikafutwa, kwa saini tatu. Kikabaki kichupa, namba 0417, kidogo kuliko kifundo cha kidole cha mwisho.

Na hapa anaingia Mzee Zefania, na ninaomba msimcheke.

Wiki moja baada ya mazishi, watu wa matanga wakiwa bado wamekaa uani, mzee alivaa koti lake la ofisini akapanda basi kwenda Arusha. Hakumwambia mtu. Alikuwa amekumbuka kwamba kwenye rejista ya taasisi mkewe bado ameandikwa mtu hai, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Miaka thelathini na moja amewasema watu wasioleta taarifa za vifo kwa wakati. Angekuwaje mmoja wao?

"Naleta taarifa ya mabadiliko," akamwambia karani wa dirishani.

"Mabadiliko gani, mzee wangu?"

"Mmiliki wa namba 0417 amefariki tarehe tisa."

Karani akainua uso. Tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kuona mtu analeta taarifa ya namna hiyo bila kuitwa mara tatu. "Pole sana, baba. Cheti unacho?"

"Nakala tatu. Zimethibitishwa."

"Mungu akubariki," akasema karani, na alisema kweli toka moyoni. Akachukua muhuri, akaugonga kwenye rejista: MAREHEMU. Mzee Zefania akautazama. Ulikuwa umekaa sawasawa, haukupinda. Akarudi Same na kitu kama amani.

Ila rejista ile ilikuwa ya sampuli za kibaiolojia, kwa kuwa vinasaba ni vinasaba na hakuna aliyekuwa na rejista nyingine ya kuviweka. Na sampuli ya kibaiolojia ya mtu aliyekufa, kwa mujibu wa kanuni, huteketezwa kwa mvuke isipochukuliwa na mmiliki ndani ya siku kumi na nne. Kwamba mle ndani hamkuwa na hata tone la damu ya Nakijwa, bali maneno yake, kanuni haikujua. Barua ya kumtaka mmiliki aje achukue kilicho chake iliandikwa kwa adabu zote, ikatumwa kwa jina la mmiliki. Mmiliki hakujibu.

Sasa sikilizeni kazi ya Mbonea.

Mbonea alikuwa fundi wa majokofu na mitambo ya mvuke, mwenye mkataba na hospitali mbili pamoja na taasisi hiyo. Watu wa Same wote walijua, naye mwenyewe alijua, kwamba Nakijwa hakumzaa. Mwanamke mmoja alifika zahanati na uchungu, akajifungua, akamsihi mkunga jambo moja, na asubuhi kitanda kikakutwa kitupu. Nakijwa akambeba mtoto mpaka ofisini kwa mumewe. Kwenye mstari wa jina la mama, Mzee Zefania akaandika: Nakijwa. Huo ndio uongo pekee aliowahi kuuandika katika kazi yake, na hata huo aliuandika kwa herufi nzuri. Jina la yule mwanamke Nakijwa hakumwambia mtu, hata mumewe. Mbonea alipofika miaka thelathini aliuliza kwa mara ya mwisho. "Nitakwambia," mama akamjibu. "Niliapa kutolitamka nikiwa hai. Sikuapa zaidi ya hapo."

Siku kumi na nne zilipopita, Mbonea aliitwa kuangalia jokofu, akapita mbele ya mtambo wa mvuke. Mlangoni palibandikwa orodha ya vinavyoteketezwa. Akasoma jina la mama yake. Mshale wa saa ya mtambo ulionyesha dakika ya nne. Pale mlangoni palikuwa na onyo la rangi nyekundu, alilolichora yeye mwenyewe mwaka juzi: MVUKE UKIWAMO NDANI, USIFUNGUE. Akaachia valvu, akafungua, akaingiza mkono wa kulia.

Akatoka na kichupa. Mkono nao ukatoka, lakini si mkono tena wa fundi. Vidole viwili havikunji mpaka leo, na anakamatia bisibisi kwa kushoto kama mtu anayejifunza kula na kijiko. Taasisi ikamwandikia barua mbili, zikaja kwenye bahasha moja: ya kwanza ya onyo kali kwa kufungua mtambo kinyume cha maelekezo, ya pili ya pole.

Kifuniko cha kichupa kilikuwa kimepasuka na mvuke umeingia. Nakunda alikuwa bado matangani. Walipompigia, Mbonea alishamaliza kufanya kinachofaa. Alijua adui ni unyevu. Alikitia kichupa kwenye chupa ya kahawa, akakizungushia vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vilivyoandikwa usile, alivyoomba duka hadi duka. Miezi saba alikaa nacho, akibadilisha vipakiti kila wiki kwa mkono wa kushoto.

Basi bila Mbonea sauti ingekuwa mvuke wa Arusha.

Sasa sikilizeni kazi ya Sifaeli.

Sifaeli alipelekwa chuo cha uuguzi, awe mkunga kama mama yake. Akaacha mwaka wa pili bila kuaga. "Usinipigie mpaka ujue unachotaka," Nakijwa alimwambia. Sifaeli akachukua maneno hayo kama yalivyo. Akaenda pwani, akapata kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mihogo, akajifunza kusoma vinasaba vya virusi kutoka kwenye majani makavu, yaliyooza, yaliyoliwa na wadudu, kwa mashine inayotosha kiganjani. Miaka mitatu ikapita. Siku alipojua anachotaka, akapiga. Simu ikapokewa. Upande wa pili akasikia pumzi, na pumzi, na pumzi tena.

"Mama? Ni mimi. Mama, sema kitu basi."

Pumzi. Sifaeli akakata, na hakupiga tena.

Hakujua. Nakijwa alikuwa amewakataza wote wasimwambie habari za koo lake, ili binti asije kwa huruma. Alipokuja, alikuja kwenye msiba, na ndipo Mbonea alipomweleza kwamba siku ile mama alikaa na simu sikioni nusu saa nzima baada ya kukatika.

Sifaeli alikuwa na dawa za maabara za kufanyia utafiti wake wa shahada, dawa zinazokuja mara moja kwa mwaka na zikifunguliwa zinaharibika. Mbonea alipomletea kichupa, akazifungua kwa ajili yake. Utafiti ukafa, na nafasi yake ya masomo akapewa mtu mwingine. Wiki tano alichambua kile kilichobaki, akijaribu kwenye chembe, akirekebisha, mpaka akapata njia. Anwani zote tatu zilikuwa hai, na funguo zote tatu za kuziita, alizopewa na Nakunda, zilikuwa kwenye mashine yake. Angeweza kuita yake siku hiyo hiyo, mlango umefungwa, na nani angejua? Hakuita. Alizima mashine akapanda basi kwenda Same.

Basi bila Sifaeli kichupa kingekuwa vumbi la kuwekea maua.

Ikawa Jumamosi ya kumaliza matanga, iliyocheleweshwa kwa miezi, siku ya kugawana vitu vya marehemu. Kanga ziligawanywa, vyombo vikagawanywa, mkoba wa ukunga akapewa Nakunda. Wageni walipoondoka, wanne wale wakabaki sebuleni, na chupa ya kahawa mezani ambayo haikuwa na kahawa.

"Semeni kwa Kiswahili cha watu," Mzee Zefania akasema. "Inasomeka au haisomeki?"

"Inasomeka, baba," akasema Sifaeli. "Mara moja. Nyuzi zimekatikakatika, hata kuzidurufu haiwezekani tena. Nikiita anwani moja, nitamaliza vumbi lote kuitafuta. Ile itakuja nzima. Nyingine mbili hazitakuja kamwe."

"Huwezi kuita nusu nusu? Theluthi kwa kila mtu?" akauliza Mbonea.

"Nikifanya hivyo mtapata mikwaruzo mitatu."

"Mimi mwenyewe ni mkwaruzo," Mbonea akasema, akiinua vidole vyake. Hakuna aliyecheka, akavishusha.

 Nakunda ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa kavu. "Tusizungushane. Mimi niliandika. Nilikaa na sauti ya mama miezi minne kama kiziwi. Mnajua nilimwuliza nini, na mnajua alinijibu nini. Kila asubuhi naamka mtu aliyemnyamazisha mama yake bure."

"Hakuna anayekulaumu, dada," akasema Sifaeli.

"Hakuna aliye hai. Nyie siwaulizi."

"Dada, wewe ulikuwa na daftari lake," Mbonea akasema. "Ulikuwa na Jumapili. Mimi ninaomba jina moja. Labda huyo mwanamke anauza nyanya pale stendi na ninampita kila siku. Labda ameshazikwa. Mkono huu sikuutoa ili nisifiwe, niliutoa kwa sababu jina lilikuwa mle ndani."

"Na mimi nilimkatia simu," Sifaeli akasema. "Nataka yangu. Sitajifanya mwema. Hata kama amenitukana, nataka nisikie tusi lenyewe. Nilikuwa na funguo na sikufungua, hilo nalo liandikeni mahali."

"Limeandikwa," akasema Mzee Zefania, kwa mazoea. Kisha akasema kile alichokuwa amekiandaa. "Mimi ndiye niliyekipeleka kwenye mvuke. Sina haki ya kuchagua."

"Baba, hilo tunalijua," Mbonea akasema, na hapo akatabasamu kidogo. "Ulitupa maelezo kwa maandishi. Kila mtoto nakala yake."

"Yenye tarehe," akaongeza Nakunda.

"Na muhuri," akasema Sifaeli. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walicheka pamoja, na mzee akawatazama, akaona kwamba watatu wote wanacheka kama Nakijwa, kichwa kikienda nyuma. Hata Mbonea, ambaye Nakijwa hakumzaa.

Lakini kuchagua kulikuwa kwake. Maabara ya Sifaeli nayo ilikuwa na fomu yake, Ombi la Usomaji wa Sampuli, na fomu ilitaka ijazwe na mume wa marehemu. Ilitaka mambo mengi: jina la marehemu, namba ya cheti, uhusiano. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: Jina la mpokeaji. Mmoja. Pembeni maelekezo: Andika kwa herufi kubwa. Usikate. Usifute. Fomu isiyo na jina la mpokeaji ni batili, na sampuli yake itateketezwa kwa mvuke. Na vumbi lenyewe, Sifaeli alisema, halitavuka Jumatatu. Pale kifuniko kilipopasuka, vipakiti vya viatu vilikuwa vimefika mwisho wa uwezo wao.

Mzee Zefania akachukua kalamu yake nzuri. Akajaza jina la mkewe, namba ya cheti, na kwenye uhusiano akaandika MUME, akasita kidogo, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuandika zaidi. Alijua kwamba jina lolote atakaloandika, yeye hatasikia kitu. Atatoka nje, mlango utafungwa, na ndani ya nyumba yake mwenyewe Nakijwa atasema kwa dakika sita, naye atakuwa uani akihesabu kuku. Aliwaza labda ataweka sikio ukutani. Halafu akakumbuka sharti, na akajua hataweka.

Akafika kwenye mstari wa mwisho. Wanawe watatu walikuwa wanatazama ncha ya kalamu. Mikono yao, mitano mizima na mmoja mbovu, ilikuwa juu ya meza. Alikuwa ameandika majina yao mara moja tayari, kila jina siku yake, mkunga akiwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani, akisema: "Andika vizuri, Baba Nakunda, huyu atakaa nalo maisha yote."

Kama alikuwa amesahau yote aliyoambiwa miaka arobaini, hilo alilikumbuka.

Wino ulikuwa unakauka kwenye ncha.

Hapo ndipo ninapoishia mimi. Mmoja aliandika, akabaki na swali. Mmoja alitunza, akabaki bila jina. Mmoja alisoma, akabaki na pumzi kwenye simu. Ondoa yeyote kati yao, na hakuna sauti kabisa. Mstari ni mmoja, Jumatatu haiko mbali, na kufuta hairuhusiwi.

Karanga zimekwisha, naona. Basi wewe uliyekaa hapo mbele, shika hii kalamu: ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ungewatazamaje wale wawili?